Nilinenepa Nikisubiri Mtoto

Ndugu zangu, jina la Bwana lihimidiwe asubuhi hii. Wengi mnanijua. Mimi ni Rehema, ninayekaa kule Michenzani kwenye majumba marefu, mke wa Yohana fundi magari. Akina mama wa kikundi chetu wameniomba mara nyingi nisimame hapa, nami nimekuwa nikikataa, kwa sababu ushuhuda wangu hauishii pale ambapo watu wangependa uishie. Leo nimesimama. Nivumilieni.

Nimezaliwa hapahapa Unguja. Wazazi wangu walikuja kutoka bara kuchuma karafuu, wakabaki. Nilisoma, nikajifunza kupiga taipu, nikapata kazi katika ofisi moja Mji Mkongwe. Mwishoni mwa miaka ya themanini nikaolewa. Siku ya harusi nilikuwa mwembamba hata shangazi yangu akanipunguzia gauni kwa pini.

Tulitaka mtoto. Mwaka wa kwanza tulisubiri tukicheka. Mwaka wa pili na wa tatu tulisubiri tukiomba. Baadaye Yohana hakulizungumza tena, nami nikajua kwamba ameacha kulizungumza kwa ajili yangu. Majirani zangu tuliotumia ngazi moja walikwisha kuitwa Mama Asha, Mama Juma. Mimi niliitwa Rehema, na umri uliposogea nikaitwa Bi Rehema. Mtoto wa jirani akilia, kifua changu kiliuma kama cha mama anayenyonyesha, na hakuna wa kumnyonyesha.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipenda sana. Aliniambia, "Mwili mkavu haushiki mimba, mwanangu. Kula." Basi akiniletea boko boko la ngano na nyama, lenye samli, nakula. Akileta supu ya kuku, nakula. Nilikula kama mtu anayetii. Asubuhi Yohana alinipakia kwenye vespa mpaka ofisini, nikakaa kwenye kiti hadi mchana, akanirudisha, nikakaa tena. Nikanenepa, nikanenepa. Nani angenionya? Watu walinisifu. "Mashaallah, Yohana anakutunza." Mimi mwenyewe nilifurahi, nikaona mwili unajiandaa.

Hedhi yangu ikavurugika. Ilikuwa inapotea mwezi, miezi, halafu inarudi. Ndugu zangu, mwanamke anayetamani mtoto akikosa siku zake, hamfikirii daktari. Anahesabu. Safari moja ilipotea muda mrefu kuliko zote, nikashona vijinguo vya kitoto kwa mkono, vyeupe, nikawaambia akina mama wa kikundi. Mnakumbuka mlivyoniimbia. Jumapili iliyofuata, nikiwa nimekaa benchi lile pale, damu ikatoka.

Nilidhani mimba imeharibika. Nikalia. Lakini damu haikukatika. Ilikuja ikapungua, ikaja tena, miezi ikapita. Mmoja aliniambia nifunge na kuomba, mwingine akanong'ona habari za majini. Nilifunga. Niliomba kweli, kwa machozi. Hospitali sikwenda, kwa sababu niliogopa kuambiwa kwamba hapakuwahi kuwa na mimba yoyote.

Mtu aliyeniona ni Bi Zuhura, jirani yangu wa chini, Mwislamu, mtu wa ukoo wa Kiarabu, mshoni wa mabuibui. Alinikuta nimekaa ngazini, siwezi kupanda.

"Shoga, damu hii tangu lini?"

"Mambo ya wanawake tu, Bi Zuhura."

"Dada yangu naye alisema hivyohivyo. Tumemzika. Kesho nnakwenda nawe hospitali, utake usitake."

Akanipeleka. Daktari alikuwa mwanamke, mpole, asiye na haraka. Alinikwangua kizazi, akachukua kinyama kidogo, kikapelekwa Dar kupimwa. Majibu yaliporudi aliniita mimi na Yohana, akafunga mlango. Ilikuwa saratani ya mfuko wa uzazi.

Nikamwambia, "Daktari, mimi nilikula ili nizae."

Akasema, "Najua, na hukufanya kosa. Hata watu wembamba huugua. Lakini mafuta yakizidi mwilini hutengeneza homoni, na homoni hiyo huunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi. Hedhi isipokuja, ukuta ule hautoki. Ukikaa hivyo miaka, hatari inaongezeka. Na mtu asiyetembea, asiyefanya mazoezi, anaongeza juu yake."

Kumbe unene ule niliomsubiria mtoto nao huenda ndio uliokuwa unanizibia njia. Nilimuuliza, "Na mtoto?"

"Tukiutoa mfuko, una matumaini makubwa ya kuishi. Ila hutabeba mimba tena."

Nilikataa. Nilimwambia Mungu anaweza, nipeni mwaka mmoja tu. Nyumbani nililala nimeelekea ukutani. Nilimwona mtoto yule moyoni, ndugu zangu, nilikuwa nshampa na jina. Yohana alikuja akakaa kitandani, mikono yake bado ina grisi. Mume wangu si mtu wa maneno. Akasema, "Rehema, mtoto nilimtaka azaliwe na wewe, si badala yako. Kukosa mtoto nshazoea. Kukukosa wewe sitazoea."

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, na hapo ndipo Bwana alipoanza kuniponya. Niliamka nikamwambia, twende. Tukavuka Dar, nikapasuliwa. Madaktari walisema ugonjwa ulikuwa haujatoka nje ya kizazi. Nilipozinduka nilijishika tumbo, nikaita jina la mtoto ambaye hatakuja. Yohana alikuwepo. Hakuniambia ninyamaze.

Niliporudi Unguja, daktari wangu aliniambia nitembee kila siku na nipunguze uzito. Alisema yapo na maradhi mengine yanayofuata unene, yakiwemo saratani ya matiti na ya utumbo. Mazoezi si ahadi, alisema, lakini yanapunguza hatari. Niliona haya. Mwanamke mzima, mnene, natembea bila kwenda popote? Bi Zuhura akaja na raba chini ya buibui. "Nshaswali alfajiri. Teremka."

Siku ya kwanza tulifika barabarani tu, nikarudi nikihema. Polepole tukafika viwanja vya Mnazi Mmoja, tukavizunguka. Wakati ule wa asubuhi watoto huwa wanakwenda skuli, wameshikwa mikono na mama zao, nyuso zimepakwa poda. Niliwaona nikaanza kulia hadharani. Bi Zuhura hakunifariji wala hakunihimiza. Alipunguza mwendo tu, akasema, "Lia, lakini usisimame."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi mazuri, nayo yamenijenga. Lakini neno lile la jirani yangu Mwislamu ndilo Bwana alilonifungua nalo. Nilikuwa nikidhani nitakombolewa siku kutamani kutakapokwisha. Hakujaisha. Nilijifunza kutembea nako. Miguu ikapata nguvu, pumzi ikarefuka, mwili ukapungua. Bado mimi ni mwanamke mkubwa, mnaniona, lakini ngazi za Michenzani nazipanda bila kukaa. Miaka imepita, na kila nikienda kupimwa, daktari ananiambia ni salama.

Kwa hiyo nawasihi. Mwanamke unayetokwa na damu isiyo ya wakati wake, nenda hospitali. Maombi yatakufuata hukohuko. Msimcheke mwenzenu kwa unene wake, kwani hamjui alikuwa anasubiri nini. Na ninyi mnaosifu unene wa wake zenu, tembeeni nao.

Siku za ubatizo wa watoto wachanga bado naona uzito. Nakuja, naimba, kisha nikifika nyumbani namuuliza Mungu kwa nini. Hajanijibu. Mimi namwamini hivyohivyo, swali langu likiwa wazi, kwa sababu alinipa mume, jirani na daktari, na kila asubuhi ananipa pumzi. Mwaminini na ninyi, hata yale mliyoyaomba yasipokuja. Namshukuru kwamba niko hai kuyasema haya.