Jirani Aliyekuja Kuomba Moto

Mwaka ule ulinigharimu kibanda cha vitenge pale mpakani, wateja niliowalea kwa maneno matamu miaka mingi, mwili ambao nguo zangu zote sasa zinautafuta, na nusura unigharimu ndoa. Nimeanza na gharama kwa sababu mnanijua. Wengi wenu mmenunua kwangu, na kila mmoja anaamini alinishusha bei. Endeleeni kuamini hivyo, upendo huvumilia.

Akina mama wenzangu wa hapa Chapwa, mliponiomba nisimame leo nilisema sina ushuhuda. Shuhuda nilizozoea kuzisikia mahali hapa ni za mtu aliyeumwa akapona, au aliyekuwa mlevi akaacha. Mimi sikuumwa wala sikulewa. Mimi nilikosa mtu wa kuongea naye. Sikujua kwamba hilo nalo ni jambo la kusimamia mbele za watu, mpaka lilipotaka kunivunjia nyumba.

Mnakumbuka tulivyoondoka. Mlimtuma mume wangu kuwa mmisionari kule bondeni Momba, mwaka mmoja kwanza, tuone. Mimi nikisikia neno mmisionari nilikuwa napata picha ya Mzungu mwenye gari na sanduku la dawa. Kumbe siku hizi hata muuza vitenge wa Tunduma anaweza kuwa mke wa mmisionari, gari hana, na dawa aliyonayo ni ya kichwa. Mlitushika mikono, mkalia, mkatupakilia vitu: mtungi wa gesi na jiko lake, magodoro, unga, sabuni, na katoni mbili nzima za viberiti alizotoa mfanyabiashara mmoja wa hapa ili tukagawe huko kama ishara ya upendo. Nilihesabu mizigo ikipanda, nikaihesabu tena ikishuka. Hakikupotea hata kijiko. Nilijiona mwanamke wa akili sana.

Kule ni tambarare na joto, si kama huku kwetu ambako ukiacha sweta unajuta. Wengi ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na kutoka boma moja hadi jingine unapita shamba zima. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili karibu na kibanda cha nyasi ambacho ndicho kanisa.

Wiki ya kwanza tu, asubuhi, akaja mama mmoja. Alikuwa jirani yetu wa karibu, boma lake tuliliona ng'ambo ya mtama. Ameshika kigae cha chungu mkononi. Akasalimia kirefu, akauliza habari za safari, akauliza za watoto, akauliza tumelalaje, mwishowe akasema amekuja kuomba moto. Nikamhurumia. Mama wa watu ametembea jua lote lile kwa ajili ya kaa moja, na mimi napikia gesi, kaa lenyewe sina. Nikaingia ndani nikamletea kiberiti kizima, nikamwambia achukue, ni chake, bure. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake na kigae chake kitupu.

Wakaja wengine wawili watatu siku zilizofuata, wote wanaomba moto, na kila mmoja nilimpa kiberiti chake. Baadaye nikaona kuna haja gani ya kuwachosha watu kutembea. Jumapili tukagawa baada ya ibada, kila kaya kimoja, maboma makubwa viwili. Nilisimamia mwenyewe, maana mume wangu ukimwachia kugawa kitu anampa hata aliyeshapata. Taarifa ikaja huku kwenu kwamba huduma ya upendo imepokelewa vizuri. Niliambiwa mlipiga makofi.

Ndugu zangu, nawaambia, baada ya pale hakuna mguu uliokanyaga mlango wangu.

Nilingoja. Mwezi wa kwanza nikasema ni ugeni. Wa pili nikasema ni lugha. Wa tatu nikaacha kusema, kwa sababu wa kumwambia hakuwepo. Mume wangu alikuwa akiondoka na pikipiki asubuhi, anazunguka vijiji, anahubiri, anasuluhisha, anazika. Mtu anayeongea mchana kutwa akifika nyumbani maneno yamemwishia. Ya jioni nilikuwa nayahesabu. Chakula kipo. Watoto wamelala. Kesho naenda mbali. Nikiyarudia kuyahesabu yalikuwa yanapungua, kwa sababu kumbe lile la watoto nililisema mimi.

Watoto wetu wawili wao walipata watu. Mtoto hangoji kukaribishwa. Baada ya miezi michache walikuwa wanacheza uani na watoto wa wafugaji kwa Kisukuma, wanacheka mpaka wanakaa chini, na mimi mama yao niko dirishani nasikiliza wanangu wakicheka kitu nisichokielewa. Nilikuwa nawauliza, mnacheka nini. Mkubwa ananijibu, "Hamna, mama, ukielezwa haichekeshi."

Simu ilikuwa inashika juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Mwanzoni nilikuwa napanda nawapigia ninyi. Msijifiche nyuma ya vitambaa, simtaji mtu. Mwanzoni mlipokea kwa shangwe. Kisha ikawa, "Mama Mwinjilisti, niko na mteja, nitakupigia." Najua maana ya niko na mteja. Mimi mwenyewe nimewaambia watu hivyo kibanda kikiwa kitupu. Nikawa nakaa juu ya kichuguu na simu yangu nangoja, mpaka siafu wakanijua.

Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Watu walikuja, wakaimba vizuri kunishinda, wakanisalimia kwa heshima, wanainama kidogo, kisha wakaondoka wote kwa pamoja wanaongea. Nilikuwa nabaki nakung'uta mikeka.

Niliomba, ndiyo. Ila mimi ninaomba kama nilivyozoea kuuza. Nikasema, Bwana, nipe rafiki mmoja, mimi nitaacha manung'uniko yote. Kimya. Nikashuka kidogo. Nipe basi mtu wa kunisengenya, angalau nijue nimetajwa. Kimya. Nikashuka tena, nikaomba kuku mmoja anayesikia Kiswahili. Hapo nikajionea aibu nikaacha. Kuanzia siku ile nilikuwa nafumba macho tu mume wangu akiomba, na ndani yangu hakuna kitu. Mke wa mmisionari, ndani hakuna kitu, na Jumapili naongoza pambio.

Mvua zilipokaribia alikuja dereva wa lori la kununua ufuta. Nikamuuliza nauli ya mtu mzima, watoto wawili na mabegi mpaka Tunduma. Akataja, nikacheka kile kicheko changu, akashuka, nikajifanya naondoka, akaniita. Ndugu zangu, tulibishana bei pale barabarani karibu nusu saa, na alipokubali nilisikitika. Nilikuwa sijaongea hivyo na mtu mzima tangu nifike. Tukaelewana kwamba akija kwa safari ya mwisho kabla barabara haijajifunga, atanichukua.

Mume wangu nilimweleza. Sikumficha. Nikamwambia ninaondoka na watoto na sijui kama nitarudi. Akasema, "Nikawaambie walionituma kwamba nimeshindwa, au ninyamaze uende?" Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, kama kawaida yake, na kesho yake akaenda kijiji cha ng'ambo ya mto kwenye msiba. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, akabaki huko.

Sasa sikilizeni. Lori linakuja kesho. Mabegi yapo mlangoni. Asubuhi ile nawasha gesi niwapikie watoto uji, jiko likakohoa likazima. Mtungi umekwisha. Nikasema nitapika kwa kuni, nakwenda kuchukua kiberiti, nakuta paa limevuja juu ya katoni iliyobaki. Vyote ni tope. Nilikwaruza kimoja baada ya kingine mpaka vidole vikawa vyekundu. Mdogo analia njaa. Mkubwa akaniambia, kwa upole kabisa, kama anamfundisha mtoto, "Mama, si ukaombe?"

Nikachukua sahani ya bati, nikavuka lile shamba la mtama kwa yule mama wa kwanza. Njiani nilikuwa nasema moyoni, naingia, nachukua, natoka.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma nilichokiokota kwa watoto. "Naomba moto."

Akaniangalia. Akaiangalia na sahani. "Viberiti vyote vile?"

"Vimelowa."

Akacheka. Akawaita akina mama wa boma lake kwa Kisukuma, na wao wakaja wakacheka. Akanisogezea kigoda. Nikamwambia watoto wana njaa, anipe tu nirudi. Akamtuma binti yake kwangu na kibuyu cha maziwa, akanigeukia. "Watoto watakunywa. Kaa."

Nikakaa. Akaanza kuniuliza. Nimezaliwa wapi, nikasema Mbozi, kwa watu wa kahawa. Wazazi wapo? Mama yupo. Tumezaliwa wangapi? Kwa nini nina watoto wawili tu, kuna tatizo? Mume ananipiga? Kama hanipigi, kwa nini nimekonda hivi? Ndugu zangu, hapa mjini mtu akikuuliza hayo unampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilijibu yote. Nilijibu hata yasiyoulizwa. Nilimwambia kuhusu lori. Nilikuwa naongea na uso wangu umelowa na sikuwa najua, nilidhani ni moshi.

Nilipomaliza akachochea kuni zake kidogo, akasema, "Ulipohamia pale, nilifurahi nimepata jirani. Nikaja kuomba moto. Kwangu moto ulikuwa unawaka."

Sikuelewa. Akarudia, taratibu.

"Ulikuwa unawaka, mayu. Nilikuja kukuona wewe. Ukanipa kiberiti kizima. Nikarudi nikamwambia mume wangu, yule mama wa mjini amesema tusirudi."

Nikamwambia ilikuwa zawadi. Nilimwambia kwa haraka, kama mtu aliyeshikwa. Nikamwambia tuliwapenda, ndiyo maana tuligawa kwa kila kaya.

"Ndiyo. Kila kaya tulipata jibu." Wenzake wakacheka tena, ila yeye hakucheka. "Sasa na mimi leo nikikupa kiberiti kizima, kesho utakuja kufanya nini?"

Alichukua kaa moja tu, akaliweka ndani ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwa sababu hicho ndicho kinachotunza moto, sahani yangu ingeniunguza tu. Kaa moja. Mimi niliyezoea kudai nyongeza hata kwenye nyanya, sikuomba la pili.

Jioni akaja kuona kama moto umeshika. Ulikuwa umeshika. Akakaa mpaka ng'ombe waliporudi. Hatukuongea mambo makubwa. Aliniambia ukuta wangu umekandikwa vibaya, nikamwambia mbuzi wake wamekula mboga zangu, akasema mboga zenyewe zilikuwa mbaya. Usiku ule nilipofumba macho kuomba sikushusha bei yoyote. Nilisema asante, nikalala.

Lori likaja. Dereva akapiga honi, akaona mabegi hayatoki. Akataka nimlipe nafasi aliyonitunzia. Tulibishana, na safari hii nyuma yangu walisimama akina mama wanne wanaonicheka na kunitia moyo kwa Kisukuma. Alikata tamaa mapema. Mume wangu alipovuka mto baada ya maji kupungua alikuta moshi jikoni. Aliniambia baadaye kwamba aliuona kutoka mbali, akasimamisha pikipiki, akashindwa kuiwasha tena kwa muda.

Sitaki kuwadanganya kwamba upweke uliisha kama mtu aliyevua kanga. Zipo siku niliamka nao, na zipo siku naamka nao hata sasa. Ila mwanangu mdogo alipougua malaria, mume yuko vijijini, sikuhitaji kupanda kichuguu. Akina mama wale walikuja, mmoja akakaa na mtoto, mwingine akapika, mwingine hakufanya kitu chochote isipokuwa kukaa. Huyo wa tatu ndiye aliyenisaidia zaidi. Na yule jirani, ambaye hajabatizwa na hajaniahidi kubatizwa, ndiye aliyenirudishia maombi yangu. Mimi nilitumwa nimpelekee Injili, na mizigo yangu yote nilikuwa nimeihesabu, nikadhani hakijapungua kitu.

Namshukuru Mungu aliyenizimia gesi. Nawashukuru mama yule na wenzake, ambao hawatasikia shukrani hizi. Namshukuru mume wangu, aliyenyamaza wakati ambapo angeweza kunikatalia. Nawashukuru na ninyi, mlitupa vingi na kwa moyo. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: mtu akija kwako na shida ndogo, usiharakishe kuimaliza. Inawezekana hana shida. Inawezekana amekutafuta wewe.

Na hapo nina deni la kuwadai, maana kudai nako ni kazi yangu. Siku ile ya kututuma mliahidi kuja kututembelea kiangazi kikianza. Kiangazi kilianza, kikaisha. Nilifagia uwanja kila Ijumaa.

Sasa mwaka umetimia. Wazee wa kanisa wanasema nyumba ipo tayari hapa Chapwa, ya matofali, ina maji ndani na geti la chuma. Wanauliza kama tunarudi au tunaongeza muda, na mume wangu amesema jibu nitoe mimi. Nimeshindwa. Kwa hiyo nawaomba ushauri, na nitausikiliza kweli. Ila yeyote atakayenishauri nirudi, aniambie pia atakuja kwangu siku gani, na atakuja kufuata nini.