Alexander Shigela Mhoja, Aliyewatibu Samaki wa Maji ya Chumvi (1947–1999)

Ndugu waombolezaji, familia imemwomba Luhaga, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake. Amekubali, ingawa wapo waliostahili zaidi.

Alexander Shigela Mhoja alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, Kamanga, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mhoja na Mama Kija. Alianza shule mwaka 1956, akiwa tayari mchungaji wa ng'ombe wa baba yake. Mwalimu alimlalamikia kwa kuingia darasani na kupe kwenye kiberiti. Alikuwa akiwachunguza. Alimaliza darasa la nane mwaka 1963, na mwaka 1967 akapata cheti cha utabibu wa mifugo.

Kuanzia 1968 alikuwa bwana mifugo wa serikali. Alizunguka vijiji vya Sengerema kwa baiskeli miaka ishirini na sita, na wengi mliopo hapa mmekunywa maziwa ya ng'ombe aliowaokoa. Tarehe 21 Januari 1971 alifunga ndoa na Selestina, ambaye alimpenda marehemu kwa ukimya wake, kisha akaulalamikia ukimya huo huo maisha yao yote.

Juni 1994 serikali ilipunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Alikaa nyumbani kwake Mkuyuni, mjini Mwanza, miezi saba, akitengeneza viti ambavyo havikuwa vimevunjika. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa wakati huo, na wanunuzi wageni walihitaji pa kulala. Bwana Zadok Odoyo alijenga hoteli karibu na ziwa, akaweka mapokezi tangi kubwa la kioo lenye samaki wa bahari, walioletwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam pamoja na magunia ya chumvi yao. Walifika na mapezi yaliyochanika, wakaanza kufa. Odoyo aliulizia daktari wa samaki mji mzima, hakumpata. Akaletewa daktari wa ng'ombe.

Mwezi wa kwanza samaki walitokwa na vidoa vyeupe mwili mzima. Marehemu alikumbuka mrututu, ile dawa ya buluu tunayooshea ng'ombe kwato zilizooza. Alipima chembe kidogo sana, akatia tangini. Vidoa viliisha, lakini kamba na konokono waliokuwa humo walikufa wote, maana kwao mrututu ni sumu. Kila mtu alidhani wamechoshwa na safari. Yeye alipanda ngazi hadi ofisini, akijua kwamba huenda anashuka bila kazi.

"Mzee Odoyo, kamba wako nimewaua mimi. Dawa ilikuwa yenyewe, ila mahali hapakuwa penyewe."

"Sasa mbona hukunyamaza tu?"

"Nikinyamaza, kesho nitarudia."

Hakufukuzwa. Aliomba tangi la pili, dogo, la wagonjwa peke yao, kama tunavyomtenga ng'ombe mwenye homa. Tangu siku hiyo hakutia tena dawa kwenye tangi kubwa.

Sisi nyumbani hatukumwelewa. Desemba 1995, siku ya mahari ya binti yake Hellen, Kamanga, mdogo wake alisimama mbele ya wakwe akasema, "Kaka yetu alikuwa daktari wa ng'ombe. Siku hizi anauguza mboga." Watu walicheka hadi machozi. Jina la Daktari wa Mboga likavuka ziwa, likamfuata mpaka sokoni Mkuyuni, na watoto wake wakaitwa hivyo shuleni. Hata hivyo, mdogo wake alipokwenda kwa marehemu aliendelea kupewa kiti kizuri.

Agosti 1997 Luhaga alimfuata hotelini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shika saa hii. Zikitimia dakika nne, sema."

Alikuwa amelowesha mikono, amempakata samaki wa njano aliyejichubua ubavu kwenye jiwe, kidonda kimeanza kuoza. Alimtia kwenye beseni la maji yasiyo na chumvi ili wadudu waliomganda wadondoke. Samaki akalala upande, kama aliyekufa. Luhaga alitaka kupiga kelele, lakini marehemu alikuwa akitazama mashavu tu, yanavyofunguka na kufungika. Dakika ya nne alimtoa, akapangusa kidonda kwa pamba yenye aidini, taratibu, isifike kwenye mashavu, akampeleka kwenye tangi la wagonjwa. Luhaga hajawahi kuona mtu akishika uhai kwa adabu namna ile. Alikuwa na neno mdomoni. Badala yake alisema anachelewa kivuko.

Mwaka huu marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye figo. Alilazwa mjini Mwanza tarehe 2 Agosti. Mdogo wake alikaa naye siku tatu za mwisho, wakazungumza mvua na malisho. Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Agosti 1999, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Selestina, watoto wanne, Hellen, Shimba, Rose na Mhoja, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja.

Huyo mdogo wake ni mimi. Nafasi ya kumwomba radhi tukiwa wawili nilipewa hotelini, nikapewa tena hospitalini, nikazungumza malisho. Wakwe mliocheka nami siku ile mpo hapa, naomba mnisikie. Nilimdhalilisha kaka yangu mbele yenu, na mbele yenu nasema nilikosa. Alikuwa daktari mpaka siku ya mwisho.

Nisamehe, kaka. Mungu akupokee, upumzike.