Mkanda Uliosubiri Wageni

Mwakeye ndugu zangu. Waislamu pokeeni salamu yenu, Wakristo pokeeni yenu, na nyie mliotoka upande wa Manyovu jana na lori, poleni kwa vumbi. Asanteni kwa makofi. Mwenyekiti amesema leo ni zamu yangu.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Stoo. Mimi ni mtu wa Muyama, nimeolewa hapa Kasulu, mume wangu alishatangulia mbele za haki na ameniachia watoto watatu. Katika kikundi chetu hiki cha mafundi, vibarua na familia zao, nimewasikiliza wenzangu wengi wakieleza walivyoanguka kutoka juu. Mimi sikuanguka kutoka juu. Nilikuwa chini, nimekaa kwenye kiti, ufunguo wa stoo shingoni. Aliyeanguka ni mwingine, na leo nitawaambia kwa nini alianguka. Majina sitataja. Wanaojijua watajijua, na mimi najijua.

Saitini nilianza kwa kupika. Tulikuwa tunajenga bweni la wanafunzi, na kazi yangu ilikuwa ugali na maharage ya vibarua. Msimamizi wa saiti akaona nakumbuka kila sahani iko kwa nani bila kuandika popote, akasema huyu mama ndiye wa kumpa stoo. Nilifurahi, jamani! Mwanamke mjane, kidato cha nne cha kuungaunga, nakabidhiwa kontena zima la vifaa. Kabla yangu vitu vilikuwa vinaota miguu. Makoleo yanaondoka, misumari inaondoka, siku moja hadi toroli liliondoka. Nikaapa kwamba mikononi mwangu haitapotea hata nati. Na haikupotea. Mafundi walinitania kwamba ukitaka kuazima nyundo kwa Mama Stoo, acha kitambulisho na mtoto mmoja. Nilicheka nao, lakini moyoni nilijisikia na mimi ni mtu.

Basi siku moja mkandarasi akaleta maboksi. Kofia ngumu, mabuti, glavu, na mikanda minne ya kujifunga fundi anapofanya kazi juu. Vyote vipya, ndani ya nailoni, harufu ya dukani bado haijatoka.

Sasa ndugu zangu, sisi tunajuana. Nyumbani kwangu kuna vikombe vya maua ndani ya kabati ambavyo wanangu hawajawahi kuvinywea chai. Ni vya wageni. Kuna shuka la wageni, kuna mkeka wa wageni. Nani hapa hana? Mama wewe pale nyuma unacheka, najua unavyo! Nikaziangalia zile kofia nyeupe, nikauangalia huu udongo wetu mwekundu, nikasema hapana, haviwezi kukutana. Nikapanga kila kitu kwenye rafu ya juu na nailoni zake.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msimamizi hakuniagiza. Mkandarasi hakuniagiza. Ningependa sana kusimama hapa niseme niliagizwa. Ni mimi.

Ikawa hivi. Gari la wakaguzi likionekana kule kwenye kona, mlinzi anapiga filimbi, nami nafungua. Baada ya dakika tano kila mtu ana kofia, kila mtu ana buti, waliopo juu wana mikanda. Vibarua waliziita siku hizo sikukuu. Wageni wakiondoka nakusanya, naosha kwa sabuni, naanika, narudisha kwenye rafu. Msimamizi aliona, akanyamaza, kwa sababu taarifa zake zilikuwa zinapendeza. Mkaguzi mmoja alizigeuzageuza zile kofia akanisifia kwa usafi. Hakujiuliza kofia iliyokaa saitini miezi minne inakosaje hata mkwaruzo mmoja. Nami nikavimba kichwa.

Palikuwa na fundi wa kupaua, mtu wa Nyakitonto. Huyu alikuwa mtani wangu wa kila siku. Akipita stoo lazima aniache nacheka. Jumanne moja mvua ilinyesha alfajiri, mbao zikalowa, na kazi ya siku ile ilikuwa kupandisha kenchi za paa. Akaja dirishani kwangu.

"Dada, leo huko juu panateleza kama bamia. Hebu nitolee mkanda mmoja."

Nikamwambia, "Mkanda mpya ule, ukaukwaruze kwenye misumari? Wageni wanakuja Alhamisi. Alhamisi utavaa."

Akacheka. "Basi na mimi nitaanguka Alhamisi."

Nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka kweli. Akaondoka huku anapiga mluzi, na mimi nikaendelea na misumari yangu.

Haikufika saa nne. Nilisikia kelele, halafu nikasikia kimya, na kile kimya ndicho kilichoninyanyua kitini. Sijui mikono yangu iliwaza nini. Nilipofika pale alipolala, pembeni ya matofali, watu wote walikuwa wananiangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. Nikajitazama. Nilikuwa nimeshika mkanda. Nilikuwa nimeupitia rafuni, nimeuchana nailoni, nimekimbia nao kumpelekea mtu ambaye yuko chini tayari.

Hakufa. Namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Lakini nyonga ilivunjika na mfupa wa paja ulivunjika, akalala hospitali miezi kadhaa, na alipotoka, alitoka na magongo. Fundi wa kupaua mwenye magongo, nyie mnaelewa maana yake kuliko mimi.

Msimamizi akaandika taarifa ya ajali. Aliniita akanisomea: mikanda ilikuwepo saitini, fundi hakuvaa. "Ni kweli au si kweli?" akaniuliza. Kila neno lilikuwa kweli. Mikanda ilikuwepo. Fundi hakuvaa. Nikasema ni kweli, nikaweka sahihi. Ajali ile ilimvunja mguu, na sahihi yangu ikamvunja jina. Ikasambaa Kasulu nzima kwamba yule bwana ni mbishi, alipewa mkanda akaukataa. Madai yake ya fidia yakakwama hapohapo. Na mimi niliyejua, nikafunga mdomo na nikafunga stoo.

Nilivumilia wiki tatu nikaacha kazi. Niliwaambia watu kwamba saruji imeniharibu kifua. Uongo. Nikachukua watoto nikaenda Kibondo kwa dada yangu, na huko ndiko nilikoanguka na mimi. Nikiona watu wako juu ya paa, nageuza njia. Nyundo ikipigwa jirani, nafunga mlango. Kanisani nikaacha kwenda kwa sababu sikuweza kusema sala ya toba na wenzangu. Nikawa mkali kwa wanangu bila sababu. Nilikonda hadi watu wakaanza kunong'ona juu yangu, na mimi nikaona afadhali wadhani ninaumwa.

Dada yangu alinivumilia karibu mwaka. Siku moja tunachambua mchele, ikanitoka yote. Nilidhani ataniambia pole, mambo ya kazi hayo. Akaweka ungo chini, akasema, "Ugonjwa wako hauna dawa hapa Kibondo. Dawa iko Nyakitonto. Kesho utapanda gari, watoto utaniachia."

Nikapanda gari. Nilinunua sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, na njia nzima niliomba gari liharibike. Halikuharibika.

Nikamkuta amekaa nje ya nyumba, anapukuchua mahindi, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Aliponiona alitabasamu, jamani, alitabasamu. Tukasalimiana kwa makofi kama desturi yetu, salamu ndefu, na nyumbani salama, na watoto salama. Mke wake akatoka ndani. Hakuwa ananijua. Aliposikia mimi ndiye niliyekuwa natunza stoo, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu dada. Pole sana. Huyu mume wangu alikutesa na ubishi wake. Unampa mkanda, anaukataa! Mwaka huu wote namwambia, ungemsikiliza yule mama leo tungekuwa tunalima shamba letu wenyewe."

Nikamwangalia yule fundi. Akainamisha kichwa kwenye mahindi, akasema taratibu, "Yamepita hayo, mama watoto. Mpe mgeni kiti."

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa amemwambia mtu. Wala mke wake, wala ndugu zake, wala waliokataa madai yake. Mwaka mzima alisemwa ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa kosa langu, na alinyamaza.

Sikukaa kwenye kile kiti. Nilisema nikiwa nimesimama, "Mama, hakuukataa. Aliniomba. Nilimnyima, nilikuwa nawawekea wageni."

Mke wake hakupiga kelele. Alimgeukia mume wake. "Ni kweli?"

Akajibu, "Ningesema, angefukuzwa, na ana watoto watatu hana mume. Na mguu wangu usingerudi."

"Na mimi?" mke akasema. "Mimi uliniweka wapi? Umeniacha nikakutukana mwaka mzima kwa jambo ambalo hukulifanya?" Akaanza kulia, ndugu zangu, na katika yote niliyoyaona, hata siku ile ya kuanguka, sikuwahi kuumia vile. Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Nilitegemea atanifukuza. Akajifuta uso kwa kanga, akaniambia, "Wewe umesema hapa kwangu. Si mimi peke yangu niliyemwita mbishi. Wanaomwita mbishi wako saitini. Nenda ukaseme huko."

Nikaenda. Kesho yake asubuhi, kabla kazi haijaanza, nikasimama mbele ya watu wa saiti ile, sasa wakiwa kwenye bweni la pili, na msimamizi wao akiwepo. Nikasema kama ninavyosema hapa. Mikanda ilikuwepo, fundi hakuvaa, na aliomba akanyimwa. Msimamizi aliniambia kwamba najichimbia kaburi mwenyewe. Nikamwambia andika, nami nitaweka sahihi. Alikunja uso sana, lakini aliandika, mashahidi walikuwa wengi mno. Ile karatasi ikapelekwa, madai yakafunguliwa upya. Hayajaisha hadi leo, sitawadanganya, bado wanamzungusha njoo leo, njoo kesho. Lakini usiku ule nililala. Na kule Nyakitonto hakuna tena anayemwita mbishi. Siku hizi anakaa chini anapima na kukata mbao za kenchi, wengine ndio wanapanda, na nasikia bado anawavunja mbavu kwa utani.

Sasa mnaniuliza nilirudije kazini. Msimamizi mmoja wa saiti nyingine, hapahapa mjini, alisikia habari yangu yote. Akaniita. Nikadhani anataka kunishangaa. Akaniambia, "Nataka mtunza stoo ambaye ameshajua vifaa hivi ni vya nini." Nikamwomba ruhusa ya jambo moja, akanipa: kwangu mtu hapati koleo wala nyundo kabla hajavaa kofia na buti, na hapandi juu kabla hajafunga mkanda nikiuona kwa macho yangu. Kila asubuhi tunakaa dakika kumi, tunaangalia mirunda ya jukwaa la kupandia imefungwaje, tunaulizana nani ameamka vibaya. Wazee wasiokishika vizuri Kiswahili nawaeleza kwa Kiha. Kofia zetu zina matope, zina mikwaruzo, moja imepigwa na tofali ikapasuka, na aliyekuwa ndani yake amekaa pale mstari wa pili anakula karanga. Wageni wakija wanazikuta hivyohivyo. Mmoja aliniambia stoo yangu haina mpangilio. Nilimjibu kwamba haina vitu, vitu viko kwa watu.

Hilo ndilo ninalowaachia. Mwenye ufunguo, kitu ulichopewa kimlinde mtu, kitoe kichafuke. Na fundi, ukinyimwa usicheke ukapanda. Kaa chini, kataa, piga kelele mpaka mwenye ufunguo aone aibu. Kama mtani wangu angenipigia kelele siku ile, ningemkasirikia mpaka jioni tu, basi.

Namshukuru dada yangu kwa kunifukuza Kibondo. Namshukuru msimamizi aliyenipokea. Nakishukuru kikundi hiki, mlinipokea mkijua. Namshukuru fundi yule, ingawa nilishamwambia ukimya wake ule sikuupenda.

Na namshukuru mke wake. Hajawahi kuniambia amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Lakini Jumatatu iliyopita nilimwona kwenye foleni ya akina mama wanaoomba kibarua cha kubeba zege saitini kwetu. Nikamwambia, mama, kuna saiti nyingine mbili umezipita njiani, moja inalipa vizuri kuliko sisi.

Akanijibu mbele ya watu wote, "Nimeziona. Huko sijui stoo zao zimefungia nini."

Akanyoosha mkono nimpe kofia. Nikampa.