Simu ya Bi Odalie: Miaka Thelathini na Tisa ya Bakuli la Pekani

Bi Odalie Fontenot anastaafu tarehe 31 Januari 2026, baada ya miaka thelathini na tisa katika ofisi ya Bakuli la Pekani, mojawapo ya zile mechi za mwaliko za futiboli ya Kimarekani ya vyuo, za mwisho wa msimu, ziitwazo mabakuli. Alikuja kushika nafasi ya karani aliyekwenda kujifungua, kwa wiki sita tu. Yule karani hakurudi, na Bi Odalie hakuondoka.

Amekata tiketi, amewatafutia vitanda wapiga tarumbeta mia mbili kwa usiku mmoja, na ameshona suruali ya refa huku refa mwenyewe amejificha nyuma ya kabati. Lakini sote tunamjua kwa simu. Kila Jumapili ya kwanza ya Desemba, ukungu wa mtoni ukiwa bado umelala barabarani, anapiga simu kwenye chuo tulichokichagua na kusema maneno yaleyale: "Hapa ni Bakuli la Pekani. Tunawataka ninyi. Mtakuja?" Halafu anauinua mkonga wa simu juu, na ofisi nzima inanyamaza ili isikie vijana wanavyoupokea mwaliko.

Wa zamani wanasema mwaka 1988 ilikuwa kama kusikiliza bahari ndani ya kombe la konokono. Kelele zilitoka mbali sana, viti vikaanguka, mtu akalia, mwingine akaanza kuimba. "Sikilizeni," Bi Odalie alisema, "wanabomoa nyumba ya watu!" Siku zile mabakuli nchi nzima hayakuzidi ishirini. Kualikwa kulikuwa sherehe ya mji mzima, na kijana aliyecheza bakuli alisimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Kisha mabakuli yakaongezeka hadi yakapita arobaini, na ile sauti ikaanza kupungua. Wachezaji wazuri wakaanza kuondoka kabla ya mechi, wasije wakaumia kabla ya kusajiliwa na timu za kulipwa. Wengine wakahamia vyuo vingine msimu ukiisha tu. Mchujo wa bingwa nao ukapanuliwa, na macho yote yakahamia huko. Makocha wakawa wanajibu kwa adabu tu: "Asante, mama, tumepokea."

Mwaka 2022 aliuinua mkonga, tukasikia mashine ya kufulia ikizunguka. Basi. Akaushikilia juu muda mrefu, kama mtu anayengoja ndoto imrudie. "Labda wako mazoezini," akasema. Siku hiyo hakugusa supu yake ya gumbo.

Hapa inabidi niseme langu. Mimi Lamar Pruitt nimekaa meza iliyo mkabala na yake kwa miaka kumi na tisa, na ile mashine ilinikaa moyoni. Mwaka uliofuata nilimpigia kocha wa chuo kilichochaguliwa saa moja kabla ya simu yake, nikamwomba akusanye vijana wapige kelele. Wakapiga. Bi Odalie alicheka mpaka akavua miwani. Mwaka 2024 nikarudia. Kocha wa safari hiyo hakuwa na vijana wa kutosha, kwa hiyo akawaita wapishi wa bweni na timu ya voliboli ya mabinti. "Vijana wa siku hizi," Bi Odalie akatuambia, "sauti zao nyembamba, lakini wana moyo."

Nilidhani ni zawadi. Aprili iliyopita kamati ilikaa kuamua kama bakuli letu lifungwe. Bi Odalie alikuwa astaafu mwezi uleule, na dada yake huko Galveston alikwisha kumpakia rangi chumba. Akasimama mbele yao: "Nimewasikia kwa masikio haya. Bado wanalitaka." Wakatuongezea mwaka mmoja. Naye akaahirisha kustaafu ili tusihangaike. Nilikaa pale pale, nikainama.

Nilinyamaza hadi Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Nilipomwambia, aliuliza, "Na wale wa sauti nyembamba?"

"Voliboli, Bi Odalie."

Alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Lamar, nimesimama mbele ya watu wazima nikatoa neno langu kwa kelele za wapishi. Na dada yangu ananingoja na chumba kitupu."



Jumapili alinitazama mara moja tu. "Leo usiguse simu yoyote." Akapiga Chuo cha Wendover mwenyewe, mkonga akiuweka mbali kidogo na sikio ili nasi tusikie.

"Mama, sikudanganyi," alisema Kocha Brasher. "Kumi na wanane wamehama. Sijui kama tunakuja. Waliobaki wako hapa, waulize wewe."

Akawauliza. Kwanza mmoja: "Wazazi wetu wanaruhusiwa?" Mwingine: "Huko kuna baridi?" "Baridi ya wapi, bwege, hiyo si Louisiana?" mwenzake akamkatiza. Wa mwisho alisema polepole, "Mimi namaliza chuo Mei. Sitacheza tena popote. Ningependa mechi moja zaidi."

Hakuna aliyeshangilia. "Haya," kocha akasema, "tunakuja." Bi Odalie akauinua mkonga kama kawaida. Tulisikia viti vikisogezwa, vijana wakitoka taratibu wakiulizana watakula nini. Aliushikilia hadi mlango wao ulipofungwa.

Mchana huohuo aliiandikia kamati kwamba neno lake la Aprili halikuwa kweli, na kwamba alichokisikia sasa ni hiki. Akaandika maswali mawili na lile ombi moja, bila kuongeza. Kamati itapiga kura Machi kama bakuli libaki au lifungwe, na yeye hatakuwepo.

Wendover walikuja, wakafungwa. Yule wa Mei alikaa nyasini na mama yake, jua la alasiri likiwaangukia, hadi wafagiaji wakafagia kuwazunguka na kuwaacha.

Bi Odalie hajaniambia kama amenisamehe. Aliniambia tu, "Yaandike yote kwenye kijitabu cha kuniaga. Palipo na jina langu pawe na ukweli." Nimeandika.

Bi Odalie, asante kwa miaka yote, na unisamehe ukiweza. Nenda salama Galveston kwa dada yako. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na asubuhi zisizo na haraka. Na simu ikilia huko, awe ni mtu anayekutaka kweli.