Vigae vya Mlangoni kwa Bi Riemersma

TJITSKE: Haloo? Nani huyo anapiga saa ya kahawa?

JORRIT: Ni mimi, shangazi. Shikamoo.

TJITSKE: Mimi ndiyo nani? Watoto wa kaka zangu wako sita, na wote wakipiga wanasema "ni mimi".

JORRIT: Jorrit. Wa Douwe.

TJITSKE: Aa. Yule. Marahaba. Sema haraka, mkate wa sukari uko mezani na siagi inayeyuka.

JORRIT: Nina swali dogo tu. La mashine.

TJITSKE: Ya kunyolea?

JORRIT: Ya presha, shangazi. Ya kuoshea pevingi, vile vigae vya njia. Kuna rafiki yangu anataka kununua, anataka kuingia kwenye hii kazi yetu—

TJITSKE: Yetu? Imekuwa yetu lini? Mimi nina miaka kumi na tisa nasugua njia za watu Friesland nzima. Wewe una buti mpya. Sema "kazi yako, shangazi".

JORRIT: Kazi yako, shangazi.

TJITSKE: Haya. Huyo rafiki ameona mashine gani?

JORRIT: Kuna moja dukani Sneek, ni hatari! Presha yake ni ba mia mbili na hamsini!

TJITSKE: Mia mbili na hamsini.

JORRIT: Ndiyo!

TJITSKE: Anataka kuosha njia au kuchuna ng'ombe?

JORRIT: Muuzaji amesema presha ndiyo kila ki—

TJITSKE: Muuzaji yupi? Yule wa viatu vyeupe?

JORRIT: Ee, ana viatu vyeupe.

TJITSKE: Mtu anauza mashine za maji na viatu vyake havijawahi kulowa, na nyie mnamsikiliza! Mlimuuliza lita?

JORRIT: Lita gani?

TJITSKE: Mungu wangu. Lita ngapi zinatoka kwa dakika moja, mtoto wewe!

JORRIT: Ngoja nisome hapa ubavuni... nane.

TJITSKE: (Anacheka mpaka anakohoa.) Nane! Mimi nikiwa msibani natoa machozi mengi kuliko hayo. Sikiliza. Presha inabandua uchafu. Maji ndiyo yanaubeba. Presha tupu bila maji unauhamisha uchafu tu, kutoka kigae hiki kwenda kile, halafu unaufuata, siku nzima mnakimbizana kama wajinga wawili.

JORRIT: Kwa hiyo achukue ya lita ngapi?

TJITSKE: Kumi na tano kwenda juu. Presha mia na hamsini, mia na themanini, basi, inatosha. Na iwe ya petroli, umeme wa nyumba za watu hauiwezi mashine ya namna hiyo. Kama anajiona mwanamume sana achukue ya lita ishirini na moja, lakini—

JORRIT: Si anachomeka tu kwenye bomba—

TJITSKE: Niache nimalize! Bomba la mwenye nyumba halitoi lita ishirini na moja hata ulibembeleze. Pampu itanyonya hewa, itapiga kelele kama nguruwe, itakufa. Anaweka tangi katikati. Bomba linajaza tangi, mashine inakunywa kwenye tangi. Unaandika?

JORRIT: Ninayo kichwani.

TJITSKE: Kichwani kwako hakuna rafu. Andika.

(Mtandao unakwaruza.)

TJITSKE: Haloo? Uko kwenye mtungi?

JORRIT: Niko karibu na dike, tuta la bahari linaziba, mtandao wa huku unakuja na kuondoka. Na vifaa, shangazi? Vya kuchomeka mbele?

TJITSKE: Kwanza lile duara. Limekaa kama sufuria kubwa iliyopinduliwa, ndani yake kuna mikono miwili inazunguka inamwaga maji. Unalisukuma taratibu kama pram ya mtoto, linaosha sawasawa kote. Asiye na duara anaosha kwa fimbo ya maji, kulia kushoto, kulia kushoto, na njia ikikauka ni pundamilia. Halafu nozeli pana, ule mdomo unaotandaza maji kama upepeo, kwa ajili ya pembeni. Mpira wa mita ishirini. Mchanga na fagio la kurudisha mchanga katikati ya vigae ukimaliza. Kwisha. Vingine vyote ni vya kuwauzia akina rafiki yako.

JORRIT: Muuzaji ametoa nozeli moja ya bure. Ile inayozunguka.

TJITSKE: Ile inayochimba kama keke ya seremala?

JORRIT: Hiyo hiyo.

TJITSKE: Bure! Hata panya hupewa jibini bure. Hiyo ni ya zege la zizini, kwenye mavi ya ng'ombe yaliyokauka toka Krismasi. Kwenye vigae vya nyumba ya mtu huisogezi. Hata kwa utani.

JORRIT: (Buti linasugua kigae.)

TJITSKE: Jorrit?

JORRIT: Na... kama mtu ameshaisogeza?

TJITSKE: Mtu nani?

JORRIT: Huyo rafiki. Alama yake, inachukua siku ngapi kuondoka?

TJITSKE: Inategemea. Una miaka mingapi?

JORRIT: Ishirini na mbili.

TJITSKE: Basi itakuzika. Maji yakishakula saruji yameshakula, saruji haioti kama nywele. Sasa hebu niambie. Umesema unasoma "hapa ubavuni". Ubavuni mwa nini? Mashine unayo?

JORRIT: Muuzaji amenipa niijaribu. Mpaka saa kumi na moja jioni.

TJITSKE: Na umeijaribu.

JORRIT: Kidogo.

TJITSKE: Alama gani, Jorrit?

JORRIT: Shangazi, si unajua ule mtindo wa—

TJITSKE: Umeandika.

JORRIT: Wote si huwa tunaandika! Hata wewe huwa—

TJITSKE: Mimi naandika kwenye ukungu! Naandika jina kwenye ule ukijani na nozeli pana, kwa mbali, kama namwagilia maua. Majirani wanapita wanaona, nakunywa kahawa yangu, kisha naosha kote na jina linakwenda na maji. Wewe umeandika na keke!

JORRIT: Ilitoka nzuri sana mwanzoni. Nilipiga picha.

TJITSKE: Umepiga picha ya ushahidi. Hongera. Na ulipoosha kote?

JORRIT: Nimeosha mara tatu. Vigae vyote vimekuwa vya kijivu safi kabisa, shangazi, ungependa. Jina ndiyo limebaki jeupe. Sasa hivi linaonekana zaidi kuliko nilipoanza.

TJITSKE: (Anavuta pumzi.) Sawa. Ujinga wako, jina lako. Watu watajua Jorrit alipita hapo. Kamlilie mwenye nyumba, mwambie—

JORRIT: Sijaandika Jorrit.

TJITSKE: Umeandika nini?

JORRIT: Bandstra.

(Upepo unapuliza kwenye simu.)

TJITSKE: Jina la kampuni yangu.

JORRIT: Ni langu pia, shangazi, kwenye—

TJITSKE: Lipo ubavuni mwa gari langu miaka kumi na tisa! Lako lipo wapi? Kwenye kadi ya maktaba! Nyumba ya nani hiyo?

JORRIT: Usinipigie kelele.

TJITSKE: NYUMBA YA NANI?

JORRIT: Ya Bi Riemersma.

TJITSKE: Hapana.

JORRIT: Mlangoni kabisa. Pale anaposhukia kwenye gari.

TJITSKE: Hapana, hapana, hapana. Kijiji kizima kina milango mia tatu, wewe umechagua huo! Unajua leo jioni yule mama anakaa na kamati yake? Unajua wanachagua nini?

JORRIT: Najua. Nani aoshe njia za nyumba za wazee. Zile arobaini.

TJITSKE: Mimi au yule bwana wa Leeuwarden mwenye kadi za kung'aa. Arobaini, Jorrit! Nikizikosa hizo msimu huu nauza gari, nauza mashine, nakaa dirishani nahesabu bata. Na yeye leo anarudi kutoka kisiwani Terschelling, anafika mlangoni kwake, anasoma nini?

JORRIT: Ndiyo maana nilikuja! Nilitaka akirudi akute pametakata, aseme hii ndiyo kazi ya Bandstra. Iwe imeshaamuliwa kabla hata ya kikao.

TJITSKE: Alikuomba?

JORRIT: Hapana.

TJITSKE: Mimi nilikuomba?

JORRIT: Wewe hujawahi kuniomba kitu. Toka Februari nakuona unanyanyua ile mashine kwa mkono mmoja, ule mwingine haupandi. Nilidhani kama ningeweza—

TJITSKE: Bega langu liache.

JORRIT: Nasema tu—

TJITSKE: Liache, nimesema! Bega langu halijawahi kuharibu mlango wa mtu.

(Kijiko kinagonga kikombe.)

TJITSKE: Boti yake inafika saa ngapi?

JORRIT: Saa saba. Mpaka afike hapa ni saa nane.

TJITSKE: Sasa hivi saa nne na nusu. Vigae vyenyewe ni vile vya saruji vya sentimita thelathini? Vimelazwa juu ya mchanga?

JORRIT: Ee.

TJITSKE: Basi funga mdomo ufungue masikio. Nyuma ya nyumba, pale kwenye mapipa ya taka, kuna vigae hivyo hivyo, vililazwa wiki moja na vya mbele. Nimeviosha mwenyewe. Unang'oa vya jina, unavipeleka chini ya mapipa. Vya mapipa unavileta mbele, unaviosha na nozeli pana, PANA, Jorrit, halafu unasawazisha mchanga. Bandstra atalala chini ya takataka, ndipo anapostahili kwa leo. Vimeguswa vingapi?

JORRIT: Thelathini na nane.

TJITSKE: Herufi nane zimekula vigae thelathini na nane? Uliandika au ulijenga?

JORRIT: Niliandika kubwa. Na... kuna mstari wa pili.

TJITSKE: Mstari wa kupigia chini? Umeona jina halionekani vizuri?

JORRIT: Kitu kama hicho.

TJITSKE: Baba yako alikuwa hivi hivi. Alipaka boti rangi ikiwa majini. Una koleo?

JORRIT: Nina bisibisi.

TJITSKE: Bisibisi! Kang'oe na meno basi. Kwenye kibanda chake kuna koleo, mlango haufungwi. Mimi nakuja na chuma cha kunyanyulia vigae, dakika ishirini. Na sikiliza: mtu akitokea akiuliza, mimi sikujui. Akina Bandstra wamejaa mkoa huu kama bata. Mmoja wao kichaa, basi. Umesikia?

JORRIT: Nimesikia.

TJITSKE: Rudia.

JORRIT: Hunijui. Shangazi—

TJITSKE: Tena usiniite shangazi mbele za—

JORRIT: Shangazi, kuna gari.

TJITSKE: Gari gani?

JORRIT: Linakata kona. La bluu.

TJITSKE: Magari ya bluu ni mengi. Liko na kiti cha mbwa nyuma?

JORRIT: (Kwa sauti ya chini.) Liko na mbwa nyuma.

TJITSKE: Umesema saa saba!

JORRIT: Atakuwa amepanda ile boti ya haraka ya asubuhi! Anaingia. Anaegesha. Shangazi, anaegesha juu ya B.

TJITSKE: Kunja mpira. Funika na... una turubai? Lala juu yake!

JORRIT: Ameshashuka. (Kando, kwa sauti kubwa.) Habari za asubuhi, Bi Riemersma! Karibu nyumbani! Ee... ndiyo, tumeosha... (Kwenye simu.) Haniangalii mimi. Anaangalia chini. Anatembea anasoma.

TJITSKE: Uso ukoje?

JORRIT: Kama mtu anayesoma barua ya kodi.

TJITSKE: Amesema nini?

JORRIT: Hajasema. Anavaa miwani. Anatoa simu.

TJITSKE: Anapiga picha. Nimekwisha. Anawapelekea kamati.

JORRIT: Hapigi picha. Anabonyeza. Anaangalia chini, anabonyeza, anaangalia chini, anabonyeza...

TJITSKE: Anaangalia chini kufanya nini? Jina Bandstra anajua kuliandika, amenilipa miaka kumi na moja!

JORRIT: Shangazi, ule mstari wa pili.

TJITSKE: Ee?

JORRIT: Si wa kupigia chini. Ni namba ya simu.

TJITSKE: Namba ya nani?

JORRIT: Ili majirani wakitaka—

TJITSKE: Ya nani, Jorrit?

(Mlio mfupi kwenye simu. Mlio mwingine.)

TJITSKE: Kuna simu nyingine inaingia.

JORRIT: Ee.

TJITSKE: Umechimba namba yangu kwenye saruji.

JORRIT: Tarakimu zote kumi. Ile saba niliipenda sana ilivyotoka.

(Mlio.)

JORRIT: Usipokee! Au pokea, sema hunijui. Mimi nasema nilijifanya tu, niliiba jina. Kweli, shangazi. Nitasema hivyo hivyo, wewe uende kwenye kikao chako—

TJITSKE: Nyamaza.

(Mlio. Mlio.)

JORRIT: Ananiangalia mimi sasa. Utamwambia nini?

TJITSKE: Nitamwambia nini na una pua ya Douwe katikati ya uso? Nitamwambia huyo ni wa kwetu, hana akili, ana mikono, na mimi niko njiani na chuma. Sisi wawili tutabadilisha kila kigae mbele ya macho yake, halafu kamati yake itaamua itakavyoamua.

JORRIT: Sisi wawili?

TJITSKE: Usinianzie. Vua kofia. Zima hilo takataka la lita nane, halafu muombe kwa adabu asogeze gari lake. Unaanza na hiyo B. Ngoja, nampokea... Haloo? Bi Riemersma?

JORRIT: Bado ni mimi, shangazi.

TJITSKE: Toka kwenye simu yangu!