Msalaba Usio na Neno Docteur

Ndugu mliokuja kumsindikiza, mimi Edouard Jalum, baba mdogo wa marehemu, nimeombwa na jamaa kusoma maisha yake, nami nitasoma tu yale yaliyo na tarehe na mashahidi.

Tharcisse Udaga Jalum alizaliwa Mahagi tarehe 11 Novemba 1966, mtoto wa tatu wa Isidore Udaga na Geneviève Afoyocan, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri huko Mahagi, sekondari hapa Bunia, kisha chuo kikuu Kisangani, alikopata lisansi ya matematiki mwezi wa Julai 1993, na tangu Septemba 1994 alifundisha mjini hapa, hata katika miaka ya vita, darasa lilipobaki na wanafunzi wanne.

Tarehe 16 Agosti 1997 alifunga ndoa na Angèle Musoki, wakapata watoto watatu, Christella, Lionel na Gentille.

Mwaka 2008 alianza teze ya doctorat, andiko la kupata udaktari wa elimu, juu ya mawimbi ya chembe ndogo kabisa. Wimbi la namna hiyo likiachwa hutawanyika, na kimo chake hushuka kwa mwendo unaojulikana, naye alitaka kuthibitisha kwamba linashuka kwa mwendo uleule hata pale ambapo katikati pana nguvu inayozidi bila kikomo kadiri unavyokikaribia kitovu. Alifanya kazi hiyo miaka tisa, soutenance, siku ya kuitetea mbele ya maprofesa, ikapangwa tarehe 14 Juni 2017, jamaa wakanunua kitenge cha namna moja, na majirani wa kartie yetu ya Ngezi walikuwa wamekwisha kumwita Docteur.

Tarehe 2 Juni, akisoma upya ukurasa wa 63, aliona kwamba karibu na kitovu alikuwa ametumia kipimo kinachofaa mbali nacho tu, kosa ambalo hakuna profesa aliyeliona. Kesho yake aliwaandikia maprofesa mwenyewe, akaiondoa teze. Tulikasirika, mimi wa kwanza, nikamwambia angenyamaza na kusahihisha baadaye, naye akajibu kwamba hangeweza tena kushika kalamu nyekundu mbele ya wanafunzi.

Mwezi wa Machi 2024 tumbo lilianza kumsumbua, ikaonekana ni saratani, akatibiwa hospitali ya Nyankunde, alikokwenda na daftari lake. Alifariki huko tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 58, miezi 10 na siku 28. Katika daftari hilo ukurasa wa 63 umeandikwa upya mara kumi na saba, na mara ya mwisho unakomea katikati ya mstari.

Jana jamaa waliomba neno Docteur liandikwe msalabani, wakisema aliyetaabika hivyo amelistahili. Nimekataa. Msalaba una majina yake matatu na tarehe mbili. Mama Angèle alifungua sanduku, akawagawia wanawake kile kitenge cha mwaka 2017, ambacho mnakiona leo kwa mara ya kwanza.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Nyankunde, majirani wa Ngezi waliokesha nasi, walimu wenzake, na wanafunzi waliobeba jeneza.

Tharcisse, mwanangu, tarehe 3 Juni 2017 mimi ndiye niliyekosa, na sikupata kukuambia. Lala kwa amani.