Paka Juu ya Gurudumu

Benchi la pale kona lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawahitaji redio, kwa kuwa kinyozi wa jirani wamempa jina hilo na analitendea haki. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa limeshatua juu ya jiko la mkaa kando ya benchi, na Cheche, mnoa visu, alikuwa amesimamisha baiskeli yake ya kunolea kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Hakunoa kitu. Alilivisha tairi kitambaa, akampitishia paka taulo chini ya tumbo, akamshikilia ili nyayo za nyuma ziguse kitambaa kile. Pikipiki ilikuwa imemgonga paka huyo mgongoni, na tangu hapo alikuwa akijiburuta kwa miguu ya mbele. Alikuwa paka wa marehemu mke wa Cheche. Mama wa watu aliugua muda mrefu, na paka ndiye aliyelala miguuni pake mpaka mwisho. Sasa daktari wa mifugo angepita mchana, na alishasema: akimkuta vilevile, atamchoma sindano ya kumpumzisha moja kwa moja.

Cheche akazungusha pedali kwa mkono, taratibu. Miguu ya nyuma ikaanza: wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Huku mbele, paka alikuwa anatazama nzi.

— Huyooo! Si huyo anatembea! Redio akapiga paja. — Leo daktari anarudi na sindano yake mkobani.

— Anatembea kwenda wapi? akauliza Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori. — Kichwa kiko kwa nzi, miguu iko safarini.

— Mwenda pole hajikwai, mzee wangu.

— Hajikwai kwa sababu kabebwa.

— Sikiliza nikwambie. Kiunoni kuna ubongo mdogo. Ule wa juu ukikatiwa waya, huu wa chini unashika zamu. Ndiyo wakasema, paka akiondoka panya hutawala.

— Sasa hapo paka nani, panya nani?

— Kichwa ndo paka.

— Na paka mwenyewe?

— Mzee, usinichanganye bwana.

Breki akapuliza kahawa yake.

— Mimi hii naijua. Lori ukilizimia injini mlimani, linashuka. Asiyejua atasema linaendeshwa, kumbe mteremko tu. Hapa mteremko ni mkono wa Cheche.

— Basi hata binadamu ni hivyohivyo! Nusu ya wateja wangu wanaletwa na miguu, vichwa wameviacha kitandani. Nawanyoa, wanalipa, wanaondoka. Nani anajua?

Cheche akaendelea kuzungusha pedali. Redio, akiona hajazuiwa, akashusha sauti.

— Au tuseme ukweli. Huyu mnyama kalala miguuni kwa shemeji siku zote zile. Labda shemeji ndiye anayemtembeza.

Breki akaweka kikombe chini.

— Redio. Zima.

— Mzee, nimesema kwa nia njema...

— Zima, nimekwambia.

Cheche hakukasirika. Lililomuuma lilikuwa jingine, na hakuwa amemwambia mtu. Daktari hakumwagiza atazame miguu. Alimwambia: kila asubuhi mbane kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukiruka usishangilie, huo huruka wenyewe. Wewe tazama kichwa. Akigeuka, au akilia, ujue habari imefika juu. Siku za mwanzo Cheche alibana. Mguu uliruka, paka akaendelea kujilamba kifua kana kwamba kaguswa paka wa jirani. Basi akaacha kubana. Akashikamana na gurudumu, kwa kuwa gurudumu halikuwahi kumnyima alichotaka kukiona. Aliogopa, hakuna jina jingine.

Akaja mwanamke ambaye hawakumfahamu, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti.

— Hamjambo, baba zangu. Nimeleta kisu cha... Akasita. — Jamani! Anatembea?

— Anatembea, dada, akajibu Redio.

— Na mwenyewe anajua?

— Anajua nini?

— Kwamba anatembea.

Redio akamgeukia Mzee Breki. Mzee Breki akalishika birika apate la kufanya, akaliinamisha juu ya kikombe. Likatoa matone na mashapo.

Cheche akasimamisha pedali. Miguu nayo ikasimama. Akakaa benchini, akampakata paka kwenye taulo lake.

— Mke wangu angeniuliza hilo siku ile ya kwanza, akasema.

Akashika kidole cha mguu wa nyuma, akabana. Mguu ukaruka. Safari hii hata Redio hakushangilia. Paka alikuwa bado na nzi wake. Cheche akabana tena, kwa nguvu ambayo hajawahi kuitumia, macho kwenye kile kichwa kidogo.

Masikio ya paka yakalala nyuma. Nzi akaruka, paka asimfuate. Akageuka, akautazama mkono, akamtazama mwenye mkono, kisha akamng'ata kidole gumba mpaka damu ikatoka.

— Mtoe! Redio akaruka. — Cheche, mtoe, atakuharibu mkono huyo!

— Mwacheni, akasema Cheche, machozi yakimtiririka mbele ya mgeni na kisu chake. — Mwacheni aning'ate.